Boti Iliyopimwa kwa Njia ya Kihambani

Musoma, mwaloni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa miezi yote ambayo sikukuamkia kwa sauti yangu mwenyewe. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia wakati wa Pasaka kwamba siku hizi unashuka kanisani kwa fimbo na kupanda kwa fimbo na maneno makali, nikacheka sana, halafu baadaye nikabaki nawaza. Ng'ombe ameshazaa? Na ile kahawa ya juu ya mfereji, majani yameacha kupukutika? Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafanya kazi. Mkono niliojikata kwa tezo umepona, ingawa kidole kimoja kimekataa kukunja, kinasimama tu kama mtu aliyenuna. Kiburu cha Mama, zile ndizi na maharage, nimekikumbuka mpaka naona aibu kusema. Hapa leo ni ugali wa muhogo na samaki, kesho ni samaki na ugali wa muhogo.

Utajiuliza imekuwaje niandike barua wakati simu zipo. Baba, simu unayoongelea ni ya Dismas. Tangu yako ilipokanyagwa na ng'ombe, kila ninachotaka kukuambia kinapita kwanza mikononi mwa mdogo wangu, na siku hizi akiona jina langu hapokei. Ndiyo maana barua hii nimempa Sista Flora, yule binti wa jirani yetu wa upande wa juu, anayefundisha watoto wa chekechea kwa masista wa huku. Anakuja nyumbani likizo. Nimemwomba akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine. Kama miwani yako bado imefungwa kwa uzi, basi akusomee yeye, mkiwa mmekaa wawili. Nataka kusema habari ya boti ya Dismas.

Dismas alinitumia picha tangu siku mlipouangusha ule mti wa mringaringa wa Babu. Nisiwe mchoyo wa sifa: Mzee Rogati ana mikono. Toka nikiwa mdogo najua kwamba Kibosho nzima hakuna anayemfikia kwa kuchonga mizinga ya nyuki na vyombo vya kuchachushia mbege, na gogo lile amelichonga likawa laini kama ndani ya kibuyu. Niliwaonyesha mafundi wenzangu hapa, wakashika simu yangu kwa zamu. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kwanza, maana hawa jamaa hucheka kila kitu.

Kisha ikaja ile video. Mmeiweka boti juu ya magogo kihambani, katikati ya migomba yetu, watu wanachota maji kwenye mfereji kwa ndoo, wanayamimina ndani mpaka yanajaa. Wewe umesimama na kofia yako ya kwenda kanisani. Mzee Rogati anazunguka polepole, anapapasa chini kwa kiganja, anakitazama kiganja chake, halafu anasema, "Haivuji hata tone." Akina mama wakapiga vigelegele.

Baba, nilikuwa nimekaa juu ya mkuku, ule uti wa chini, wa boti mpya nilipoitazama video hiyo, nikairudia tangu mwanzo. Chombo cha mbege ndivyo kinavyopimwa, kwa sababu kazi yake ni kushika pombe isitoke. Mlijaza maji ndani mkafurahi, na mimi namwelewa kila mmoja aliyekuwepo, kwa sababu nami ningebaki nyumbani ningeshika ndoo na kupiga kelele pamoja nanyi. Lakini boti nimekuja kuijua huku. Inatakiwa isimame wima wakati maji yanaisukuma ubavuni na watu wote wameinamia upande mmoja wakivuta wavu uliojaa. Hilo hamkulijaribu, na pale migombani hapana mahali pa kulijaribu.

Nilimpigia Dismas siku hiyohiyo. Wakati huo alikuwa bado anapokea. Nikamuuliza mbona boti ni nyembamba hivyo, mtu akikaa viwiko vyake vinagusa huku na huku.

"Njia, bro," akaniambia. "Mzee amesema hakatwi mche wa kahawa hata mmoja. Na upande wa pili ni ule ua wa masale ya mpaka, yale huwezi kugusa, unayajua mwenyewe. Kwa hiyo tumepima njia ya kutokea barabarani, boti inapita freshi kabisa, haigusi kitu."

Nikamuuliza mara ya pili nikidhani ananitania, maana Dismas anajua kutania. Hakuwa anatania. Nikamuuliza, na mbao zile mlizopigilia juu ya gogo kuongeza kimo je? Akasema, "Ziwa ni kubwa, kaka. Ndiyo tukaipandisha iwe ndefu kwenda juu, maji yasiingie."

Basi, Baba, upana wa boti ile umeamuliwa na miche yako ya kahawa, na urefu wake wa kwenda juu umeamuliwa na watu ambao hawajaliona ziwa. Nisamehe kwa kukuandikia hivi. Sikulaumu hata kidogo. Kahawa ile ndiyo iliyotusomesha, na masale ya mpaka nisingethubutu kuyagusa hata mimi. Naeleza tu ilivyokuwa ili uone pale nilipoanza kuogopa.

Fundi wetu mkuu hapa anaitwa Mbaruku, mtu wa Tanga. Alianza kuunda vyombo vya baharini, akaja ziwani akaoa akabaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba boti haichaguliwi kwa macho. Huku kuna mitumbwi midogo ya mtu mmoja au wawili, inavua kandokando ya matete na haitoki nje ya ghuba. Kuna boti za wavu wa sangara, pana kiasi kwamba mtu mzima anaweza kulala akiwa amekingama ndani yake, na chini zina mkuku wa kuzishika zisiyumbe. Za bahari ni nyingine tena, ndefu zaidi na tumbo lake limeshuka chini. Nilimuuliza kwa nini boti ya huku isitoshe kule na ya kule isitoshe huku.

"Mwanangu," akasema, "bahari inakunyanyua kama mama anavyomnyanyua mtoto, halafu inakushusha. Ziwa linakuchapa makofi. La kwanza hujakaa sawa, la pili limefika. Chombo chembamba kirefu juu, kofi la tatu hakilioni."

Hapo nilikuwa sijamwonyesha picha ya boti yetu. Nilipomwonyesha aliweka nyundo chini. Akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akaangalia ubavu, akaangalia chini. Kisha akaniuliza, "Hao watu wako wana ziwa kwao?" Nikamjibu wana mlima. Akanirudishia simu, akashika tena nyundo yake. Jioni tulipokuwa tunakusanya vifaa akaniambia, "Mwambie baba yako."

Mpango wa Dismas naujua, alinieleza mwenyewe kwa furaha. Kwanza anaishusha kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, anaijaribu pale. Akishaona inakwenda, anaipakia kwenye lori anakuja nayo huku kwangu. Mwaka ukigeuka anaipeleka Tanga. Boti moja, maji yote. Na kinachoninyima raha ni kwamba bwawani itakwenda. Asubuhi maji ya bwawa yametulia, unaona mlima umelala ndani yake na theluji yake yote, na hata sufuria ingeelea pale. Atapiga kasia, atageuza, atarudi ufukweni akicheka, na watu watapiga picha. Bwawa litamdanganya, Baba. Atakuja huku akiwa na uhakika.

Usione vyaelea, vimeundwa, ndivyo wanavyosema watu wa pwani, na Mbaruku hulisema neno hilo kila mteja anapolalamika. Mimi nimeona kilichoelea kikiwa hakina mtu.

Kulikuwa na mwanamume hapa aliyeitwa Boay, mtu wa Babati. Alikuwa mvuvi wa kweli, toka utoto wake, wa lile ziwa dogo la kwao. Alikuja na boti yake mwenyewe juu ya lori, na mke wake ameshikilia kamba. Boti nzuri, kavu, imepakwa rangi ya bluu. Ilikuwa nyembamba, Baba, lakini pana kuliko ya Dismas. Mbaruku alimwambia aikate tuiongeze upana, akacheka kwa upole akasema boti hii imemlisha tangu hajaoa. Alikuwa mpole sana. Alikuwa akiniletea furu, wale samaki wadogo, bila kuniomba chochote, kwa sababu tu nilimsaidia siku moja kuivuta nchi kavu.

Alivua ndani ya ghuba muda mrefu, na sisi tukazoea kumwona. Tukaanza hata kudhani Mbaruku alizidisha. Kisha ghubani samaki wakapungua, akaanza kutoka nje kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akapita kisiwa. Upepo wa huku hausemi nakuja. Tulikuwa kazini, tukaona maji ya mbali yamebadilika rangi yakawa kama chuma, halafu mabati ya banda yakaanza kugonga. Tuliacha vifaa tukasimama. Boti za sangara zikarudi moja moja, watu wamelowa lakini wamo. Mke wa Boay alikuja akasimama karibu nami, anahesabu tu boti kwa macho.

Boti yake ilirudi yenyewe kesho yake, imepinduka, mgongo juu. Mimi ni mmoja wa waliotumwa kuivuta. Tulipoigeuza tulitafuta ufa, tukatafuta msumari uliolegea, tulitaka sana kupata sababu. Haikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa haivuji hata tone, Baba. Yeye hatukumpata. Mke wake alikaa ufukweni mpaka ndugu zake walipokuja kumchukua, na boti ile bado iko nyuma ya banda letu. Hakuna anayeinunua, hakuna anayeichoma, na mimi nikienda kuchukua mbao hupita upande mwingine.

Hayo yote nilimweleza Dismas. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu. Kisha akasema, "Kaka, mimi nimebeba mizigo ya watu mpaka juu kabisa, nimeshusha wagonjwa kwa machela gizani kwenye barafu. Leo uniambie maji?" Nikamwambia mlima una njia na kila ukichoka unakaa, majini hapana pa kukaa. Akakasirika. Akasema huku nimezoea kuwa peke yangu mkubwa, naogopa akija ataniharibia jina, ataonekana ana boti na mimi nimebaki kuwa fundi wa boti za watu. Maneno hayo yaliniuma, sitaficha. Tangu hapo simu inaita mpaka inakata.

Picha ya mwisho alimtumia Sista Flora, si mimi. Ni ile mliyoibeba boti mabegani kuitoa kihambani, wanaume mmejipanga huku na huku, mmenyamaza kwa uzito, mnatembea polepole kwenye ile njia nyembamba, na akina mama wanafuata nyuma. Sista alidhani nitafurahi kuona nyumbani. Niliitazama nikamrudishia haraka. Najua na wewe umeshafikiria ninachofikiria, kwa hiyo sitakiandika.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Dismas ni mkaidi lakini hana dharau. Anaweza kunipuuza mimi, anaweza kumpuuza Mbaruku ambaye hamjui, ila hatatoka nyumbani kwenda mbali bila wewe kumtemea baraka. Hata alipokuwa anapanda mlima kwa wiki moja tu alikuwa anakuja kwanza mbele yako afungue kifua, unywe funda la mbege umpulizie. Nasikia mmepanga iwe baada ya misa, Paroko akishainyunyizia boti maji ya baraka, kisha mnarudi nyumbani mnachinja, na wewe unamtemea mbele ya ukoo. Baba, nakuomba usimtemee. Ukikataa atanuna, atalala kwa shemeji yake siku kadhaa, atasema mnanipendelea mimi Kalisti. Acha anune. Mtu aliyenuna anakula, analala, na siku moja anarudi mezani.

Na ili asione umemwaibisha bure, nenda mpakani ukate jani la sale, lile letu la kuombea radhi, ulifunge fundo, umpe mkononi useme limetoka kwangu. Najua mkubwa kumpelekea mdogo wake sale si jambo la kawaida, na wazee watauliza nimemkosea nini. Waambie sijamkosea, namwomba. Waambie Kalisti amepiga magoti huko aliko. Sijawahi kusikia mtu wa kwetu akilikataa sale akabaki na amani, na yeye anajua hivyo kama ninavyojua mimi.

Boti isiharibiwe, kazi ya Mzee Rogati isitupwe. Ng'oeni zile mbao za juu, gogo lenyewe libaki Nyumba ya Mungu, avulie pale asubuhi asubuhi karibu na kando, hapo sina neno. Akitaka ziwa, aje mikono mitupu. Nimeshaongea na Mbaruku, atatupatia nafasi bandani, tutaunda boti pana pamoja, Dismas akishika ubao mimi nikipigilia, na nitamfundisha kuogelea kwanza. Mwambie hilo pia. Mwambie nimetamani siku nyingi tufanye kazi moja, yeye na mimi, na sikuwahi kupata namna ya kulisema kwenye simu.

Mfikishie Mama salamu zangu, umwambie soksi alizonifuma nazivaa hata kama huku ni joto. Msalimie Shangazi Kresensia, dada yako, na umwambie yale majani aliyonipa ya tumbo yamekwisha. Msalimie shemeji yangu, mke wa Dismas, kwa heshima. Mwambie nimesikia ana ujauzito na nimefurahi sana, lakini furaha yangu hailali. Mzee Rogati mpe shikamoo yangu, na tafadhali usimsomee barua hii. Amefanya alichoombwa, na amekifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Najua Baba kwamba barua huchelewa, na huenda Sista akifika mtakuwa mmeshachinja. Huenda lori limeshaagizwa. Kama ni hivyo basi nakuomba ujue jambo moja kabla hujanyanyua kibuyu. Dismas hajui kuogelea. Akishusha boti ile hapa mwaloni, nitamsihi mbele ya watu, na asiponisikia nitavua viatu nipande nyuma yake. Siwezi kusimama ufukweni na yule mama wa Babati machoni mwangu, nikihesabu boti. Kwetu mkubwa hamwachi mdogo aingie peke yake mahali pabaya, wewe ndiwe uliyetulea hivyo. Kwa hiyo siku hiyo ukiamua kumtemea baraka, vuta funda kubwa, Baba, uteme mara mbili. Tutakuwa wawili ndani, na huna mtoto mwingine wa kiume.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Kalisti